Harufu Kwenye Mifuko ya Korosho

Ijumaa, 15 Novemba 2024

Nimemaliza kuchapisha mifuko ya kikundi cha akina Husna wa Mahurunga, wale wanawake wanaokaanga korosho. Picha ya bibo jekundu, lile tunda la mkorosho, imetoka vizuri. Lakini hita ya kukaushia wino ilikuwa inafifia. Ilitakiwa mashine iende polepole, halafu plastiki ipigwe upepo hadi kesho. Sikusubiri. Binti yangu Pendo alikuwa na mazoezi ya kipaimara, na safari iliyopita sikwenda. Nikagusa wino kwa kidole — haukunishika kidoleni. Nikaruhusu plastiki ikatwe, ifungwe. Nikamkuta Pendo anaimba. Alifurahi.

Jumatatu, 2 Desemba

Husna kapiga simu analia. Mzigo wote umerudishwa kutoka Dar. Mnunuzi anasema korosho zinanuka mafuta ya taa. Wenzake wamekumbuka kuwa Husna aliweka dumu la mafuta ya taa stoo.

"Nimewaponza wenzangu, dada Anna."

Nikamwambia pole. Pole! Ndilo neno nililolipata.

Nikatafuta mfuko uliobaki, nikaunusa. Sikusikia kitu. Kwa jinsi tunavyoshinda na thina ya kuyeyushia wino, pua yangu imekufa. Nikampelekea mama muuza uji pale nje. Kaingiza pua, karudisha uso nyuma. Kasema unanuka kama rangi ya kucha.

Basi si dumu. Ni thina iliyobaki kwenye wino, ikaingia kwenye korosho. Ni mimi.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeshika simu mara kadhaa. Sikupiga.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemweleza bosi, Josephu. Kafunga mlango. Kasema hakuna aliyetulalamikia, najipeleka kwa nini? Msimu ndio huu. Wateja wengine wakisikia, sote tunarudi nyumbani.

"Na wewe una mtoto anasoma, Anna."

Nikasema sawa, bosi. Nilipotoka mle ndani nikasikia nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko yote. Nilikwenda kuungama au kutafuta mtu wa kunikataza?

Jioni Husna kapiga tena. Wamemwondoa kwenye kukaanga. Jumamosi wanakaa kikao, huenda wakamtoa kwenye kikundi kabisa. Hakuniomba kitu ila nimwombee. "Kwa njia yenu hiyohiyo, dada, Mungu ni mmoja."

Sikuweza hata kupiga magoti.

Jumamosi, 7 Desemba

Niko Mahurunga, barazani kwa Husna. Kazini nimeaga kwamba naumwa. Kikao kimesimama, wameenda kuswali adhuhuri.

Asubuhi nilipanga kusema ukweli mara tu nikifika. Husna akaniwahi. Kanishika mkono, kanipeleka mbele ya wenzake: huyu ndiye dada Anna anayetuchapishia mifuko, kaacha kazi zake kuja kusimama na mimi. Wanawake wakapiga makofi. Mmoja kaniita mtu wa utu. Nikakaa.

Bi Sharifa, mwenyekiti, kasema wakitoka kuswali mgeni atasema neno lake, kisha wataamua.

Husna kaniletea muhogo na samaki. Kanimiminia maji ya kunawa. Kaniwekea kipande cha tumboni, kile kinono, yeye kachukua kichwa. Nimekula.

Sasa wanarudi, wanavua ndala mlangoni. Bi Sharifa ananiita. Husna kaniachia nafasi kwenye mkeka, pembeni yake, anaipigapiga kwa kiganja nikae hapo.

Nimesimama. Naandika nimesimama, maana nikikaa pale sitasema kwamba ni wino wangu —