Friza ya Korido Imesafishwa

Shoga, nimekwisha. Yaani nimekwisha kabisa.

Leo si ndiyo siku ya usafi wa pamoja kwenye kituo chetu cha kulelea ndege? Nafika, nakuta friza ya korido iko wazi, inameremeta. Mzee Oddvar, mtunza jengo wetu, kasimama kando na kitambaa, anachekelea: "Binti, ilijaa mavi! Nimetupa yote, nikasugua na dawa."

Mavi! Shoga, mavi ya kwale wa theluji! Misimu miwili ya baridi nayaokota milimani huku Finnmark, kaskazini ya mbali, na ski za kutelezea thelujini miguuni, ili bakteria waliomo wawaokoe vifaranga wetu wa kizimbani. Bila hao hawasagi majani. Wanakufa tumbo likiwa limejaa.

Na Ijumaa aliniuliza, "Na friza je?" Mimi huku naandika ripoti, nikamjibu, "Safisha kila kitu, mzee wangu."

Kila kitu! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Theluji iliyokuwa ikiyagandisha imeshayeyuka, sina pa kuokota mengine. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia ahsante.

Sasa niko kizimbani. Vifaranga saba waliobaki wananidonoa viatu, ndivyo kifaranga anavyotafuta mavi ya mama yake. Na viatu vyenyewe vinang'aa, shoga. Nilikuwa nimeviacha hapa kituoni, Oddvar navyo kavisugua na dawa.