Kuni za Mukami

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimechoka. Leo kipindi cha michezo watoto wa darasa la tatu walitaka niruke kamba nao. Nikasema goti linauma. Goti langu liko sawa kabisa! Kisha nikapiga chafya, nimesimama tu, na mkojo ukanitoka — kidogo, lakini wa kutosha. Nikamaliza kipindi nimefunga sweta kiunoni. Kijiji chote cha Kiirua kinajua mimi, Mwalimu Karwirwa, husikia joto.

Hii ni wiki ya sita ya mazoezi. Wanja, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali kule Meru mjini, aliniambia misuli ya huko chini ililegea kwa kuzaa na kubeba mizigo, na inaweza kurudi. Kaza, shikilia, hesabu hadi nane, legeza. Asubuhi, mchana, jioni. Mimi hufanya kengele ya shule ikilia. Nakaza hadi uso unawaka. Mwalimu Njue aliniuliza leo ni nani amenikasirisha.

Ila sioni mabadiliko. Naona hata imezidi.

Jumapili, 18 Mei

Mukami amejifungua! Mvulana. Mjukuu wangu wa kwanza. Murungi alinipigia simu akilia, mtoto wangu huyo mwenye ndevu. Nikacheka, nikaruka — na hapo hapo nikajua sikupaswa kuruka. Nimebadilisha nguo mara mbili leo, furaha ikapoa katikati ya kufua.

Jumamosi akina mama wa kikundi chetu watampelekea kuni za mzazi. Zinabebwa mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa kichwani, na nyanya wa mtoto upande wa baba ndiye hutangulia na mzigo wake. Asipobeba, hakuna haja ya kuuliza: hamtaki huyo msichana. Na mimi mdomo uliniponza. Mwaka jana nilisema mbele ya watu kwamba Murungi angepata mke hapa hapa Meru, badala ya kwenda kumtoa kwa wachunga mbuzi huko chini Embu. Mukami alisikia. Hajawahi kunijibu vibaya. Hajawahi pia kuketi jikoni kwangu zaidi ya dakika kumi.

Sasa nisipobeba?

Alhamisi, 22 Mei

Nimelia mbele ya Wanja. Mtu mzima!

Aliniambia nilale nikaze, naye akaweka mkono apime. Nikavuta pumzi, nikajaza tumbo, nikakaza vile ninavyojua. Akaniambia niache. Mwalimu, hapana, unasukuma chini, hivyo ni kama unazaa, kwani nani alikufundisha? Nikafikiri. Mama yangu alinifundisha, nikiwa na miaka tisa, tukitoka kuokota kuni. Ukitaka kuinuka na mzigo, jaza tumbo pumzi, ibane, sukuma, simama. Wanawake wote huku huinuka hivyo. Niliposikia neno kaza, mwili ulienda huko wenyewe. Wiki sita nimekuwa nikibomoa nyumba nikidhani naikandika!

Tukaanza upya. Toa pumzi, halafu vuta juu kwa ndani, polepole, tumbo litulie, kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Nilicheka, nikavuja papo hapo. Hakushangaa. Mara ya kumi hivi nikaisikia — kitu kidogo, dhaifu, kikapanda. Akasema ndicho hicho. Akasema pia itachukua miezi mitatu kuanzia leo, na nisibebe kitu kizito kwa sasa. Hata mara moja? Akauliza mzigo wenyewe ni mzito kiasi gani. Nusu gunia la mahindi, nikasema. Akatikisa kichwa.

Ijumaa, 23 Mei

Mwongera anasema atapeleka kuni kwa pikapu, kwani shida iko wapi. Miaka ishirini na saba ya ndoa na bado mume wangu hajui kwa nini ninalala ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia kuni za mzazi hazipandi gari. Kisha nikanyamaza. Nimechoka kunyamaza pia.

Jumamosi, 24 Mei

Saa mbili asubuhi. Akina mama wako uani, wanaimba. Gatakaa, mwenyekiti wetu, amenifungia mzigo mkubwa kuliko yote, kwa heshima. Nimevaa sketi nyeusi na pedi mbili. Nikasimama. Nikaketi tena.

Nimempigia Mukami. Nilianza na habari ya mtoto, habari ya maziwa, nikazunguka hadi nikajichosha. Halafu nikamwambia yote: mkojo, fizio, kuni. Nikamwambia, leo ukiniona nimekuja mgongo mtupu, si kwa sababu yako. Na yale maneno ya mwaka jana, unisamehe.

Nilisikia mtoto akinyonya.

Kisha akasema, Mami, mimi usiku yote sijalala. Kuni, hao wengine watabeba. Wewe kuja na mikono, unishikie huyu nioge.

Nimelia tena, lakini hiki ni kilio kingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Ila huko nje kuna akina mama kumi na wanne, na Mukami hawezi kuwaambia kwa niaba yangu. Nikitoka hivi hivi bila mzigo, kesho kanisani habari itakuwa imeenea kwamba Mama Murungi amemkataa mjukuu. Nikisema goti, watanipa mzigo mdogo. Nikisema ukweli, basi nimeusema.

Gatakaa anabisha hodi. Anauliza nataka mukwa mfupi au mrefu, maana jua linapanda na wengine wameshabeba.

Nimemwambia aingie kwanza, na afunge mlango.