Haikuwa Mursik, Mama

Mama,

Sina uso wa kukuandikia. Lakini jambo hili lazima ulisikie kwangu, kwa sababu ni mimi niliyekuharibia jina.

Si mursik yako, yale maziwa uliyogandisha kibuyuni, iliyomuua mwanangu Kipkoech.

Miaka mitatu nimesema kinyume chake. Nilikuona ukimlambisha mjukuu wako kwa ncha ya kidole. Wiki moja baadaye mdomo ukajaa vidonda, joto likapanda, na hospitalini wakasema uchafu umeingia kwenye damu. Hilo neno uchafu ndilo nililolishika. Tulipomaliza kumzika nilichukua kibuyu chako nikakipasua mlangoni, mke wangu Mercy akinivuta shati. Halafu nikaenda kituo cha majani chai, watu wako kwenye foleni ya kupima, nikatangaza kwamba mama yangu ameua mwanangu na kibuyu kichafu. Ulikuwa pale na kikapu mgongoni. Ulipima majani yako ukaenda nyumbani.

Dada yangu Joyce aliniamini. Alipojifungua kule Sigor alituma ujumbe kwamba usiende kumwona mtoto. Ulikuwa tayari umefunga mzigo wako, unga na kuku mmoja. Ukaufungua. Nilikuwa nimekaa hapo nakunywa chai. Wacha niseme ukweli, niliona ni haki yako. Ulikufa bila kumbeba.

Sasa sikiliza. Baada yako tulipata msichana, Chelangat. Huyu hajaonja mursik hata siku moja. Alipofika miezi minne vidonda vikaja, vikapona, baada ya wiki tatu vikarudi. Mercy hakuningoja, alimbeba mpaka hospitali kubwa. Wakampima damu wiki baada ya wiki, mwisho daktari akatuita. Akasema chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, za huyu mtoto hushuka zikabaki karibu na bure, halafu zinapanda tena. Zikiwa chini, kidonda kidogo tu kinaweza kumuua. Amezaliwa hivyo. Akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye shida ya vidonda vya mdomo.

Mama, nilikuwa na kimoja ndani ya shavu saa hiyo hiyo. Vinanitoka tangu zamani, mimi husingizia chai moto. Walinipima pia. Ni yangu. Mimi ndiye niliyewapa, yeye na marehemu kaka yake.

Na wewe ulijua. Kipkoech akiwa bado hai ulimchungulia mdomo ukasema, "Hata wewe ulikuwa hivi. Kila mwezi. Nilikuwa nakusukutua na maji ya chumvi." Nikakuambia uwache hadithi za zamani. Kama ningemwambia daktari hayo maneno yako, pengine... hapana, siwezi kuimaliza hiyo.

Daktari, maskini, hakujua. Aliniambia nimlete mtu anayekumbuka nilivyokuwa nikiwa mdogo, aongee naye. Ni Mercy aliyemjibu kwamba ulishazikwa.

Chelangat anadungwa sindano sasa. Analia kidogo, ananyonya, anasahau. Ameanza kunenepa mashavu. Ungemwona ungempenda.

Kuna lingine, na ndilo limenikalisha hapa asubuhi hii na ng'ombe hajakamuliwa. Jana Joyce alipiga simu. Katikati ya maneno mengine akasema mtoto wake anasumbuliwa na vidonda mdomoni, vinaenda vinarudi, labda ni meno. Daktari alishatuambia hii kitu pengine tuliitoa kwa Baba, na Joyce ni mtoto wa Baba kama mimi. Nilijua la kusema. Nikasema, "Pole, yataota tu." Kwa sababu nikimwambia apimwe damu, ataniuliza nimejuaje, halafu atakumbuka ule ujumbe aliokutumia.

Mimi ndiye mtoto uliyemlea, Mama. Niliogopa aibu kuliko kaburi lingine.

Pumzika sasa. Sikuombi unisamehe leo, bado sijafanya kitu. Ninachokuahidi ni hiki: nikiweka kalamu chini nachukua simu. Nitamwambia Joyce ambebe mtoto aende hospitali leo leo. Akiniuliza nimejuaje, nitamwambia Mama aliniambia, nikamnyamazisha.

Mwanao,
Wesley