Kiazi cha Majivuni

Kamwene, Daktari ndugu yangu,

Barua hii itakukuta huko Bengali, umezungukwa na watu wako. Uliwahi kuniambia, wala hukujigamba, kwamba kwenu hata wauza samaki wanaimba mashairi yako. Nikatabasamu. Moyoni nikasema: sasa huku Njombe umefuata nini? Mimi mwalimu wa shule ya misheni, mtunzi wa nyimbo za kwaya tangu ujana, sijasikia hata mchunga mbuzi mmoja akiimba wimbo wangu nje ya kanisa.

Serikali ilikuleta utibu watu, ukawa unakuja Mdandu na sanduku lako la dawa, unalala kwetu, kwa mama. Jumamosi moja nilitoka Njombe, kama kawaida yangu ya kila wiki, baada ya mazoezi ya kwaya, nikafika giza limeingia, nakukuta umekalia kigoda changu karibu na moto. "Mwanangu Daktari," mama alikuita. Mimi aliniita Mwalimu, kama watu baki. Leo nakwambia wazi, wivu uliniwasha kama upupu. Kisha mama alichokoa kiazi majivuni, akakipangusa kwa pindo la nguo, akanipa. "Kimebaki tu, kula."

Ukatunga shairi kwa Kibengali, tukalitia Kiswahili pamoja, mama akaligeuza Kibena. Linasema: mama mmoja amefukia kiazi majivuni, anafukuza watoto wasikiguse, anatazama mlango. Nilikuuliza, "Ni mama yako?"

"Ni mama," ukajibu.

Nikajua unamlilia wa kwako. Mahindi hayajakomaa, wanawake wa Mdandu wakawa wanaliimba wakipalilia. Hata siku niliyokusindikiza Makambako kupanda lori, utingo alikuwa anaupiga wimbo huo kwa mluzi. Nilifurahi ulipoondoka, Mungu anisamehe.

Mama amefariki, Daktari. Kichomi, kwenye baridi ile ya Juni unayoijua. Aliacha neno kwamba aimbiwe wimbo wako kaburini. Katika nyimbo zangu zote hakutaka hata mmoja. Nilikasirika mpaka machozi yakagoma. Lakini mwimbishaji ni mimi, nikauanzisha. Tulipofika penye kiazi, mdogo wangu wa kike akanishika mkono.

"Kila Jumamosi alitufukuza hapo motoni," akaninong'oneza. "Anasema, acheni, cha kaka yenu hicho, anachelewa."

Nikauacha wimbo pale pale. Wakamalizia wengine.

Nilikuonea wivu kwa kigoda, kwa kuitwa mwana, kwa wimbo kupendwa. Hayo yote nakuachia, chukua. Limebaki moja, nalo linanichoma kuliko yote: wewe ulikaa pale ukamwona mama akitazama mlango. Mimi sikumwona hivyo hata siku moja. Kila nilipoingia alikuwa ameshainama kuchokoa majivu.

Wasalimie wa nyumbani, uendelee kutunga. Lakini kwanza niandikie, tafadhali: alikuwa anatazamaje?

Ndugu yako,
yule wa kuchelewa