Maelezo Kuhusu Moto wa Bugarama na Mzee Nduwayo

KITUO KIDOGO CHA POLISI, BUGARAMA, WILAYA YA NGARA
MAELEZO YA SHAHIDI
Ijumaa, tarehe 20 Agosti 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Jina: Leonsia Alfonce
Umri: miaka 34
Kabila: Mhangaza
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Bibi Misitu msaidizi
Makazi: Bugarama

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, bila kuitwa, na nasema kama ifuatavyo.

Tangu tarehe 9 mwezi huu nipo kwenye mafunzo ya juu ya wachambuzi wa mwenendo wa moto wa nyika. Tupo kumi na wawili kutoka Ngara na Biharamulo, na mkufunzi wetu ni Bwana Idefonsi, afisa misitu mstaafu. Katika hatua ya kwanza, miaka iliyopita, tulifundishwa kuzima moto. Hatua hii ni ya kuusoma. Unapima ukavu wa nyasi, upepo na ukali wa mteremko, kisha unasema moto ukizuka utafika wapi na baada ya dakika ngapi.

Mnamo tarehe 19 Agosti 1999, siku ya Alhamisi, tulikuwa na zoezi la nje. Hatukuwasha moto wowote. Kila mmoja alipewa mteremko wake apime na kuandika. Mimi nilipewa ule unaotazama bonde la mto, chini ya mashamba ya mihogo.

Nilifika saa nne asubuhi. Niliwakuta wanawake watano wakikata nyasi za kuezekea. Mmoja wao alikuwa Suzana, mke wa Jeremia, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji, naye alikuwa na mtoto mgongoni. Walikuwa na kibarua wa kubeba miganda, mwanamume wa miaka hamsini hivi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba polepole, kama mtu ambaye hajaamkiwa siku nyingi. Alisema anaitwa Nduwayo na anatoka kambi ya wakimbizi. Kuhusu kibali chake cha kutoka kambini sijui lolote, kwa kuwa sikumuuliza.

Saa sita na nusu mchana nilipima unyevu wa hewa. Ulikuwa chini kuliko siku zote za mafunzo. Niliandika kwamba moto ukianzia bondeni utafika kileleni kwa dakika kumi. Daftari ninalo, nalikabidhi.

Saa saba na robo niliona moshi bondeni. Ulikuwa mweupe, ukawa mweusi, ukainamia upande wetu. Nilikuwa hatua mia juu ya wale wanawake. Nilipuliza filimbi nikashuka mbio. Wao walikuwa wameshaanza kupanda mlima.

Nikawaambia, "Msipande! Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu."

Suzana akasema, "Sasa twende wapi, Bibi Misitu?"

Hapa sitajificha. Jibu nilikuwa nalo. Tulifundishwa siku ya tano: ukishindwa kuukimbia moto, choma nyasi zilizo juu yako kisha uingie palipoungua, maana moto haupati chakula hapo. Nililiandika somo hilo na kulipigia mstari. Lakini kushoto kulikuwa kunawaka, kulia ni korongo, nami nilisimama tu. Kazi yangu miaka yote imekuwa kuwakataza watu wasichome.

Mzee Nduwayo alitua mzigo wake akatoa kiberiti. Alisema kwa Kirundi, nami Mhangaza nilimwelewa vizuri kwa kuwa lugha zetu zinakaribiana, "Mwanangu, tuchome hapa. Kwetu tulifanya hivi tukiwa na ng'ombe."

Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Huyu mkimbizi anataka kutuua!" Mzee hakuwasha. Alinitazama mimi, akingoja.

Nikasema, "Choma, mzee. Naruhusu."

Akachoma. Kiberiti kilikuwa chake, amri ilikuwa yangu. Naomba iandikwe hivyo hivyo.

Moto wetu ulipanda mlima ukaacha uwanja mweusi, upana wa nyumba mbili. Tuliingia. Chini kulichoma nyayo. Niliwaambia walale kifudifudi. Mzee alimwagia koti lake maji ya kunywa, akamfunika Suzana na mtoto, yeye akabaki na shati akipiga cheche kwa tawi bichi. Moto mkubwa ulifika, ukagawanyika, ukatupita pande zote mbili. Mlio wake ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ilikuwa kama dakika nne.

Nilipoinua kichwa niliwahesabu. Wote walikuwa hai. Suzana alikuwa akimnyonyesha mtoto palepale kwenye majivu, machozi yanamtoka.

Kisha moshi ulinizidi nikaanguka. Wanawake walinibeba hadi zahanati. Njiani niliuliza mzee yuko wapi. Wakasema amebaki nyuma kuuzima moto wetu usije ukamaliza mihogo ya watu. Sehemu ya mihogo iliungua, na moto ulioiunguza ni ule wetu. Hilo silikatai.

Nilipata nguvu ya kusimama saa kumi jioni. Ndipo niliposikia kwamba Jeremia na wenzake waliteremka kutoka juu, wakamkuta mzee peke yake, ana kiberiti na mikono imeungua, wakamfunga kamba na kumleta hapa kituoni. Walimwuliza kama ndiye aliyechoma. Akasema ndiyo. Jina langu hakulitaja. Nadhani aliogopa nitafukuzwa kazi.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na Bwana Idefonsi tulifuata alama za moto hadi bondeni. Mawe yana masizi upande ulikotokea moto, na mabua ya nyasi yameliwa upande huohuo. Tulifika penye mzinga wa nyuki uliopasuliwa, mwenge wa magome na nta iliyoyeyuka. Moto ulianzia hapo. Aliyerina asali simjui. Ni mwendo wa nusu saa kutoka mahali alipokuwa mzee, na mzee nilikuwa namwona tangu saa nne.

Nayashukuru mafunzo, kwa kuwa bila hayo nisingejua kuwa mzee anasema kweli. Namshukuru zaidi yeye. Alikuwa na kiberiti na alikuwa na haki ya kuogopa, lakini aliningojea niseme. Watu saba wako hai kwa ajili yake, mmoja hajaota jino.

Nje ya kituo nimemkuta Jeremia na mkewe. Ameniambia, "Dada, nilipomfunga sikujua kuwa Suzana na mtoto walikuwa naye." Nimemjibu, "Usiniambie mimi."

Sina zaidi. Nimesomewa maneno yangu, nimeyakubali, na niko tayari kuyarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: L. Alfonce

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na nimemsomea shahidi. Saa tano nilifika bondeni nikaona mzinga na mwenge kama ilivyosemwa. Saa nane na dakika ishirini mchana Nduwayo ameachiwa huru. Alichouliza ni kimoja tu, kama mtoto anakohoa. Suzana amempa mtoto ampakate, na kwa kuwa mikono yake imefungwa bandeji, Jeremia amemshikia kwa chini. Kisha Jeremia amempakia mzee kwenye baiskeli yake kumpeleka zahanati, naye mwenyewe ametembea kwa miguu akiisukuma.

Koplo Mayunga