Sifuri ya Bibi Harusi Aliyegeuka Nyuma

Dada Lukresia mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaenda kumkunja mwalimu shati, maana nina hasira hata chai hainishuki. Binti yangu Nanyokie yuko kidato cha tatu hapa Karatu, akisoma neno kanisani wazee wanatikisa vichwa, mimi nimeishia la saba lakini akili ile kaitoa kwangu, sasa mwalimu wa fasihi kawasomea riwaya akaishia pale bibi harusi anaondoka kwao, akasema tabirini mbele kutatokea nini, wenzake wakaandika atatoroka, Nanyokie akaona imeandikwa yule bibi harusi aligeuka kutazama boma la baba yake, na sisi Wamaasai bibi harusi akiondoka hageuki nyuma, basi akaandika ndoa hii haidumu. Mwalimu kampa sifuri! Akasema mbele ya darasa, "Mwenzenu mganga huyu, tumletee kuku?" Sasa shule nzima wanamwita Mganga. Kumaliza kitabu, kumbe ndoa imedumu, mimi nasema kitabu ndicho kimekosea, mwandishi angekuja kwetu Ololosokwan angeelezwa. Nimemkataza mtoto kuingia kipindi cha fasihi mpaka mwalimu aje kwangu kuomba radhi, Nanyokie analia, "Yeyo, mama yangu, unaniharibia," baba yake naye anasema nimezidi. Nimezidi wapi?

Mama Nanyokie, Karatu

Mama Nanyokie, umezidi hapo hapo.

Hasira yako naielewa. Mwalimu anayemfanya mtoto kichekesho kwa ajili ya mila za kwao amekosa, na kama anasoma safu hii, ajijue. Kutabiri riwaya si kupiga ramli. Mtoto hapimwi kwa kupatia mwisho, anapimwa kwa sababu alizozitoa ukurasani. Binti yako aliona jambo ambalo wenzake walilipita. Sifuri ile si haki.

Lakini kitabu hakijakosea, mama! Mwandishi ana ruhusa ya kumgeuza bibi harusi nyuma na ndoa ikadumu, pengine alitaka wasomaji kama Nanyokie waingiwe na hofu. Halafu hiyo adhabu yako anaitumikia nani? Mwalimu anafundisha kama kawaida. Aliyekaa nje ni mwanao, na wenzake wanaanza kitabu kingine bila yeye.

Kesho arudi darasani. Wewe nenda naye ofisini kwa mwalimu, si mbele ya wanafunzi, na shati la watu uliache. Nanyokie afungue ukurasa ule, aeleze mwenyewe kwa nini aliandika vile, aombe kusahihishwa upya na lile jina likomeshwe. Mwalimu akikataa, mwone mkuu wa shule. Na mtoto akiwa anaeleza, najua itakuuma, wewe usifungue mdomo.