Miti ya Wigo Kwenye Njia Panda

Jumamosi, 17 Oktoba 1987
Harlan ameanza kukata. Hakuniambia — nilisikia tu msumeno wa mashine kabla kahawa haijachemka. Ile miti ya wigo, michungwa ya Osage aliyoipanda babu yake kabla hakujawa na seng'enge. Miba mitupu, na matunda ya kijani yasiyolika. Hapa Kansas kila mtu anaing'oa kwa tingatinga na kuichoma. Mume wangu hataki. "Hakichomwi kitu. Kila mti utafanya kazi."
Ameanzia kaskazini, mbali kabisa na njia panda. Ndipo mwanetu Galen alipogongwa na gari akafa, mwezi wa nane. Miaka ishirini na mitatu. Wigo uliziba kona — hakuliona gari, na gari halikumwona.

Jumanne, 20 Oktoba
Nguzo kumi na nne. Mti mgumu kama chuma! Ndani manjano kama kiini cha yai. Nilichemsha vumbi lake, nikatumbukiza sufu. Rangi nzuri ajabu. Nikawaza kufuma sweta. Ya nani? Nikaiweka chini.

Ijumaa, 23 Oktoba
Wilma wa kanisani kachukua kapu zima la matunda, eti yanafukuza buibui. Akauliza kama Harlan anakula. Anakula. Haongei.

Jumatano, 28 Oktoba
Alikuja mzee mmoja Mwosage, wa lile kabila la wenyeji lililoipa miti hii jina, kutoka Oklahoma. Anachonga pinde. Alizunguka rundo lote akigonga magogo kwa kidole, akachagua moja lililonyooka. Harlan kakataa malipo. Mzee akasema, basi akimaliza ataleta upinde mmoja, nyumba hii ina kijana?
"Hapana," Harlan alisema. "Hatuna."
Yule mzee akavua kofia.

Jumapili, 1 Novemba
Leo kasema mwenyewe, mezani: "Ningeikata miti ya ile kona mwaka jana, mtoto angekuwepo."
Nikanyamaza. Mungu wangu, nikanyamaza!
Galen alitaka kuikata. Mwaka jana, Harlan akiwa mjini. Alishachukua msumeno. Mimi ndiye niliyemzuia. "Iache, mwanangu, inakinga vumbi la barabarani. Nguo zangu kambani zitachafuka." Akacheka. "Haya Mama, nguo zako kwanza." Akarudisha msumeno bandani.
Harlan hajui. Hakuna anayejua.

Alhamisi, 5 Novemba
Nguzo mia mbili na zaidi. Ng'ombe tulishauza, hatuna cha kuzungushia uzio. Nilimuuliza ni za nini.
"Zinakaa ardhini miaka hamsini, haziozi."
Hilo si jibu. Imebaki miti sita, ya kona. Siku mbili sasa ananoa msumeno tu.

Jumamosi, 7 Novemba
Orval Teske kaja! Jirani yetu wa miaka thelathini. Ndiye aliyekuwa akiendesha lile gari. Tangu mazishi hajakanyaga hapa. Kasimama getini, glavu mkononi.
"Lorena, nimeona Harlan kafika kwenye kona. Nimekuja kumsaidia kubeba. Akinifukuza, naondoka."
Nikaenda naye. Harlan alizima msumeno. Hakumtazama.
"Kosa si lako, Orval. Ni langu. Mimi ndiye niliyeiacha hii miti."
"Acha hayo, bwana! Nilikuwa naenda kasi. Kasi mno." Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka sitini.
"Nakwambia ni langu!"
"Harlan, mimi ndiye niliyemgonga!"
Karibu wakamatane mashati, wananyang'anyana kosa. Na mimi nimesimama katikati yao kama gogo. Nikasema ngoja nikawaletee kahawa. Nikakimbia!
Naandika nimesimama jikoni. Kahawa iko tayari, vikombe vitatu. Dirishani nawaona wamekaa kwenye shina lililokatwa, migongo imenielekea. Harlan kamwekea mkono begani — Harlan, ambaye tangu mazishi hajanigusa hata mimi.
Anaita. "Lorena! Mbona unakawia?"
Naenda. Nikishaweka sinia chini nitasema, Harlan, mwaka jana, siku ile ulipokwenda mjini —